Bata Aliyeuona Moto Kabla ya Risasi

Mchungaji Alexander John Forsyth wa parokia ya Belhelvie, kaskazini-mashariki mwa Uskoti, alikuwa na mapenzi mawili nje ya mimbari: kemia na kuwinda bata. Parokia yake ilikuwa pwani, karibu na Aberdeen, na majira ya baridi bata maji na mabata bukini walijaa kule. Bunduki yake ilikuwa nzuri kwa zama zile, lakini mara nyingi ndege walimponyoka, naye alijua sababu. Walikuwa wakiuona moto kabla risasi haijawafikia.

Bunduki ya siku hizo ilikuwa gumegume. Ukivuta kifyatulio, nyundo iliyoshika kipande cha jiwe huanguka, jiwe hukwaruza kibao cha chuma, cheche huruka na kuwasha baruti kidogo iliyo kwenye kisahani ubavuni mwa mtutu. Moto wa kisahani hupenya tundu dogo na kuifikia baruti kuu iliyoshindiliwa ndani. Ndipo bunduki hulia. Kati ya mwako wa kisahani na mlio hupita kitambo kidogo sana, ambacho mtu anayetazama kwa mbali huenda asikitambue. Bata kinamtosha. Akiuona mwako hupiga mbizi, na marisawa yakifika hukuta viwimbi tu juu ya maji.

Forsyth alianza na njia rahisi: aliufunika mtambo wa bunduki ili kuuficha mwako. Kifuniko kikamzuia kulenga. Akarudi kwenye chupa zake za kemia. Mwaka 1800 mkemia wa Kiingereza, Edward Howard, alikuwa ameeleza jinsi ya kutengeneza falminati ya zebaki, kitu kinacholipuka kwa kugongwa tu, bila cheche wala moto. Vilipuzi vya tabia hiyo vilikuwa vimeshajulikana, na jaribio la kuvitumia badala ya baruti ya kawaida lilikwisha kuua watu huko Essonnes, Ufaransa, mwaka 1788. Forsyth akaona lililowapita wenzake: mlipuko ule usiachiwe kazi ya kuisukuma risasi, upewe kazi ya kuwasha baruti tu. Punje chache zigongwe na nyundo, moto uingie moja kwa moja ndani ya mtutu. Msimu wa 1805 aliwinda kwa bunduki ya namna hiyo, na mwaka uliofuata akaipeleka London.

Huko alipata mlinzi mwenye cheo, Lord Moira, mkuu wa idara ya silaha za serikali, aliyempa chumba cha kufanyia majaribio ndani ya Mnara wa London. Mambo yalikwenda hadi Moira alipoondoka madarakani. Aliyemfuata, Lord Chatham, hakuona faida yoyote, akamwambia mchungaji afungashe vyake. Forsyth akachukua hataza yake tarehe 11 Aprili 1807, James Watt wa mashine za mvuke akimsaidia kuandika maelezo yake. Inasimuliwa kwamba Napoleon alimtumia ahadi ya pauni 20,000 auze siri hiyo, naye akakataa. Jeshi la nchi yake lilikawia miaka zaidi ya 30 kuuacha mtindo wa gumegume, na mwaka 1842 serikali ikampa mzee huyo pauni 200. Mwaka uliofuata alifariki. Naona aibu kwa niaba ya waliomlipa.

Lakini wawindaji hawakusubiri jeshi. Kile kitambo kati ya moto na risasi ndicho kilichokuwa kinga ya bata tangu bunduki ilipoingia kwenye vinamasi vya Ulaya, na Forsyth alikuwa amekifuta. Mafundi waliokuja nyuma yake, kwa miaka mia moja, wakaendelea kumpunguzia ndege nafasi, hatua kwa hatua, kila mmoja akiwa na nia njema ya kutengeneza kitu bora. Sidhani kama kuna hata mmoja aliyekaa akapiga hesabu ya jumla.

Turudi nyuma kidogo, kwenye marisawa yenyewe, kwa sababu bunduki ya ndege bila punje nzuri ni bomba la kelele. Zamani punje zilikatwakatwa kutoka kwenye bamba la madini ya risasi, au zilidondoshwa kwenye maji kutoka kimo kifupi, zikatoka na mikia na mabonde. Punje isiyo mviringo haiendi njia moja na wenzake. Mwaka 1782 fundi bomba wa Bristol, William Watts, alipata hataza ya njia mpya. Alikuwa ameipandisha nyumba yake ya Redcliffe Hill juu kama mnara, na chini yake akachimba shimo, ili apate kimo cha kutosha. Juu kabisa aliyeyusha risasi iliyochanganywa na arseniki kidogo, akaimimina kwenye chombo chenye matundu. Matone yalianguka hewani, na yakiwa yanaanguka yalijikunja yenyewe kuwa duara na kuanza kuganda. Maji yaliyokuwa chini yaliyapokea yakiwa yameshashika umbo.

Baada ya hapo ilikuja kazi ya kuchambua, na hii napenda kuieleza kwa kuwa ni ya akili sana. Punje zilimwagwa juu ya meza iliyoinama. Zile za mviringo kamili zilibingirika kwa kasi na kuruka ufa uliokuwa mwisho wa meza. Zenye kasoro zilijikokota na kutumbukia kwenye ufa, zikarudishwa kuyeyushwa tena. Hakuna aliyehitaji kuzikagua moja moja. Minara ya namna hiyo ikaenea. Ule wa Phoenix mjini Baltimore, uliokamilika 1828, una kimo cha mita 71, na kwa miaka kadhaa hakukuwa na jengo refu kuliko huo Marekani nzima. Bado umesimama. Nyumba ya Watts ilibomolewa 1968 kupisha upanuzi wa barabara.

Punje zikawa tayari, moto ukawa tayari. Kilichobaki ni mikono ya fundi, na London ya wakati huo haikuwa na fundi aliyemshinda Joseph Manton. Bunduki ya mitutu miwili iliyotoka kwake ilikuwa nyepesi, imekaa sawa mkononi, na juu, kati ya mitutu, ilikuwa na mwamba mwembamba ulioinuliwa ili jicho lifuate mstari; hataza yake ni ya 1806. Bunduki ya ndege hailengwi kwa kutulia kama ya kuwindia nyati. Huinuliwa begani huku mwili ukizunguka kumfuata ndege, na kitako kikikosea bega kidogo tu, punje zote hupita pembeni. Manton alilielewa hilo kuliko wote. Alifilisika 1826 kwa madeni na kesi za hataza, akafa 1835 bila mali. Kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi kwake, kisha kwenye duka la bunduki la Forsyth, alikuwa ameshaanzisha karakana yake mwenyewe mwaka 1814. Jina lake James Purdey, na nyumba hiyo ingali inatengeneza bunduki London hadi leo.

Maneno ya kaburi la Manton yaliandikwa na mteja wake, Kanali Peter Hawker. Huyu ndiye anayetuonyesha uwindaji wa bata wa zama zile kwa ukaribu. Alijeruhiwa nyonga katika vita vya Talavera, Hispania, mwaka 1809, akaacha jeshi, na maisha yake yaliyobaki akayamimina kwenye bunduki na ndege, akiandika shajara karibu hadi kifo chake mwaka 1853. Kitabu chake cha mafunzo kwa wawindaji vijana kilitoka 1814 na kuchapwa tena na tena. Alikuwa na nyumba ndogo Keyhaven, kwenye matope ya pwani ya kusini mwa Uingereza, na hapo ndipo alipoendeleza bunduki za mtumbwi.

Bunduki ya mtumbwi haishikwi begani. Ni mtutu mrefu mzito uliolazwa juu ya mtumbwi bapa, mweupe au wa kijivu, unaokaa chini kiasi kwamba bata akiutazama huona ukingo wa maji tu. Mwindaji hulala kifudifudi nyuma ya bunduki na kuusukuma mtumbwi polepole kwa mikono au kwa upondo mfupi, alfajiri, kwenye baridi ya kugandisha vidole. Hawezi kuigeuza bunduki. Hugeuza mtumbwi mzima. Pigo la nyuma hupokelewa na kamba nene iliyofungwa kwenye mbavu za chombo. Bunduki moja yaweza kubeba nusu kilo ya marisawa au zaidi, na inapolia juu ya kundi lililotulia, huanguka makumi kwa mpigo. Hawker mwenyewe alikuwa na moja ya mitutu miwili, mmoja wa gumegume na mwingine wa mtambo mpya, kwa hesabu kwamba mtutu wa pili, ukichelewa kidogo, utawakuta ndege wakiinuka. Alikuwa amekigeuza kile kitambo cha bata kuwa mtego. Katika habari zote za uwindaji nilizosoma, hii ndiyo inayonistaajabisha na kunitisha kwa pamoja.

Mtambo wa Forsyth ulikuwa mgumu kutunza, ukarahisishwa upesi kuwa fataki: kikofia kidogo cha shaba chenye kilipuzi ndani, kinachovikwa juu ya chuchu ya chuma. Wengi walidai kukibuni. Joshua Shaw alipata hataza yake Marekani mwaka 1822. Mvua sasa haikuharibu uwindaji.

Lakini kushindilia kulibaki. Pima baruti, mimina, sukuma kizibo kwa mdeki, mimina punje, sukuma kizibo cha pili, vika fataki; na kama ni mitutu miwili, fanya yote mara mbili, huku kundi likiwa limeshavuka upeo wa macho. Mfaransa Casimir Lefaucheux ndiye aliyelikata hilo. Katika miaka ya 1830 alitengeneza bunduki inayokunjika katikati na kupakiwa kwa nyuma, ikitumia ganda la karatasi na shaba lenye baruti, punje na fataki vyote ndani yake. Bunduki hizo zilionyeshwa kwenye Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851. Waingereza wakaguna, kisha wakaiga. Mwaka 1861 George Daw alileta sokoni ganda linalogongwa katikati ya kitako chake, na tangu hapo umbo halijabadilika sana: ukimwonyesha Daw risasi ya leo, hataelewa plastiki, lakini ganda atalitambua mara moja.

Hapo ndipo namba 12 ilipotawala. Kipimo chenyewe ni cha kizamani: ukigawanya ratili moja ya risasi kuwa tufe 12 zilizo sawa, kila tufe litaingia sawasawa kwenye mtutu huo, ambao ni kama milimita 18.5. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba. 20 ni ndogo kuliko 12, na 10 ni kubwa. Aunsi moja ya punje za namba 6 za Kiingereza, yaani gramu 28, ina punje 270 hivi. Fundi anayetaka kujua bunduki inavyotawanya huweka karatasi kubwa umbali wa yadi 40, anafyatua, anachora duara la inchi 30 na kuhesabu matundu.

Kwa mtutu ulionyooka, duara hilo hupata punje 40 hivi katika kila 100. Halafu ikagunduliwa kwamba ukibana mdomo wa mtutu kwa milimita moja tu, punje zinazopita katika duara hufika 70. William Rochester Pape wa Newcastle aliitaja njia hiyo kwenye hataza ya 1866. Upande wa pili wa bahari, mwindaji wa bata wa Illinois, Fred Kimble, aliifikia kwa kujaribu mwenyewe. Aliyeifanya biashara ni W. W. Greener wa Birmingham, mwaka 1874, na mwaka 1875 gazeti la The Field liliandaa mashindano ya hadhara yaliyoumaliza ubishi. Milimita moja ya chuma, na bata aliyekuwa salama umbali fulani hakuwa salama tena.

Mengine yalikuja haraka. Baruti nyeusi ilikuwa ikimwachia mwindaji wingu la moshi mbele ya macho, na mtutu wa pili ulifyatuliwa kwa kubahatisha; Mprusia Schultze akatengeneza baruti ya mbao iliyotiwa tindikali, karibu bila moshi. Anson na Deeley wa Birmingham mwaka 1875 wakaficha nyundo ndani. John Browning, Mmarekani, akapata hataza mwaka 1900 ya bunduki ya marisawa inayojipakia yenyewe, iliyotengenezwa Ubelgiji kuanzia 1902: risasi tano bila kuushusha mkono. Chini ya miaka mia moja ilitosha kutoka kisahani cha gumegume hadi hapo.

Nasi wa Afrika Mashariki tulikuwa wapi? Mkataba wa Brussels wa 1890, ambao Zanzibar ilikuwa miongoni mwa waliotia saini, ulizuia silaha za kisasa zisiingizwe kiholela katika eneo kubwa la Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Kilichoruhusiwa kwa biashara ya kawaida kilikuwa gumegume na baruti ya kawaida. Sababu iliyotajwa ilikuwa kupambana na biashara ya watumwa, lakini matokeo yake ni kwamba mtambo ambao Forsyth aliuona umepitwa na wakati mwaka 1805 ndio ulioachiwa Mwafrika miaka 85 baadaye. Gobole la kushindilia kwa mdeki limedumu vijijini kwetu kwa sababu nyingi, na hiyo ni mojawapo. Atakayemcheka mzee mwenye gobole akumbuke nani alifunga mlango.

Sasa tuwaangalie waliokuwa mbele ya mitutu hiyo, tukianza na njiwa.

Ulaya na Marekani ziliwafanya njiwa kuwa shabaha ya mchezo. Njiwa hai aliwekwa kwenye kisanduku, kamba ikavutwa, kisanduku kikafunguka, na mpigaji alitakiwa amwangushe kabla hajavuka uzio. Klabu ya Hurlingham ya London ilianzishwa 1869 kwa ajili hiyo hiyo. Monte Carlo ilikuwa na mashindano ya fedha nyingi. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1900 njiwa hai walipigwa risasi mbele ya watazamaji, karibu 300, na Mbelgiji Léon de Lunden akashinda kwa kuangusha 21. Hurlingham iliacha 1905, na mwaka 1921 sheria ya Uingereza ikapiga marufuku kabisa kufyatulia ndege waliofungiwa.

Huko Marekani njiwa wa masanduku walitoka kwenye kundi ambalo watu waliamini halina mwisho. Njiwa mhamaji wa Amerika ya Kaskazini aliruka kwa makundi yaliyoziba jua. Mwaka 1871, Wisconsin, viota vilienea kwenye eneo la kilomita za mraba 2,200 hivi, na hesabu iliyofanywa baadaye iliwakadiria ndege 136,000,000. Simu ya waya iliwaambia wawindaji kundi limetua wapi. Reli iliwafikisha pale na kuondoka na mapipa ya njiwa waliotiwa barafu. Bunduki za kupakiwa nyuma na nyavu zilifanya kazi iliyobaki. Petoskey, Michigan, mwaka 1878, lilikuwa moja ya makusanyiko makubwa ya mwisho ya viota, na uchinjaji uliendelea kwa wiki nyingi. Mwaka 1881 mashindano ya Coney Island, New York, yaliagiza njiwa 20,000 wa kupigwa risasi.

Mwaka mmoja kabla ya mashindano hayo, George Ligowsky wa Cincinnati alikuwa amepata hataza ya kisahani cha udongo kinachorushwa na mtambo na kupaa kama ndege. Kilikuja kuchukua nafasi ya tufe za kioo ambazo mpigaji mashuhuri Adam Bogardus alikuwa akizipendekeza. Wapigaji wakahamia huko polepole, na ndio mchezo unaochezwa duniani kote leo. Kwa njiwa mhamaji ulikuwa umechelewa. Wa mwisho, jike aliyeitwa Martha, alikufa tarehe 1 Septemba 1914 katika bustani ya wanyama ya Cincinnati, mji ule ule wa Ligowsky. Siwezi kulipita jambo hilo bila kusema kwamba ni uchinjaji wa aibu, na kwamba watu waliokuwa na macho waliuona ukitendeka.

Njiwa pori wa Uingereza ana habari nyingine kabisa. Yeye ameongezeka, anakula mazao ya mkulima, na anawindwa kama mharibifu. Mjuzi wake mkubwa alikuwa Archie Coats wa Hampshire, aliyefanya kazi hiyo kwa riziki, na mwaka 1962 aliangusha njiwa 550 kwa siku moja. Vifaa vyake havikuwa vya fahari. Kwanza macho: kukaa na kutazama ndege wanafuata njia gani hewani kabla ya kugusa bunduki. Kisha kibanda cha wavu na majani ukingoni mwa shamba, kigoda, na njiwa bandia au waliokwisha kuanguka wakipangwa wakielekea upepo, nafasi ikiachwa katikati ili wageni watue hapo. Bunduki ilikuja mwisho.

Hila ya ndege bandia ni ya kale kuliko bunduki. Mwaka 1924 katika pango la Lovelock, Nevada, walipatikana bata 11 wa matete waliofumwa na kupakwa rangi na wenyeji wa Amerika takriban miaka 2,000 iliyopita, na ukiwatazama unamjua bata ni wa aina gani.

Wazungu walipoichukua hila hiyo na kuipeleka kwenye ghuba ya Chesapeake, jimbo la Maryland, walikuwa na nguvu za kuimaliza ghuba. Bata aliyesakwa kuliko wote alikuwa yule mwenye mgongo mweupe na kichwa chekundu, anayenona kwa mizizi ya nyasi za majini, na hoteli za Baltimore na New York zilimlipia vizuri. Wawindaji wa sokoni walikwenda usiku na bunduki za mtumbwi. Mchana walilala ndani ya sanduku la kuzama: kisanduku mfano wa jeneza, kilichozungushiwa mabawa ya turubai yanayoelea, kikashindiliwa chini kwa bata bandia wa chuma hadi mdomo wake ulingane na maji. Mamia ya bata wa mbao walielea pembeni. Ndege aliyeshuka hakuona mtu hadi mtu alipoketi na kufyatua. Hata mbwa walikuwa wa peke yao, kizazi kinachosemwa kilianzia kwa watoto wawili wa mbwa waliookolewa kwenye meli iliyozama mwaka 1807, Sailor na Canton, wenye manyoya mazito yasiyopenywa na maji ya barafu.

Sheria ilianza kuamka 1900, kwa Sheria ya Lacey iliyokataza kusafirisha toka jimbo hadi jimbo ndege waliouawa kinyume cha sheria. Mwaka 1916 Marekani na Uingereza, kwa niaba ya Kanada, zilitia saini mkataba wa kulinda ndege wahamao, na sheria ya kuutekeleza ikapitishwa 1918. Jimbo la Missouri lilikwenda mahakamani likidai bata walio angani mwake ni mali yake. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa mwaka 1920, Jaji Holmes akitaja kwamba ndege hao jana walikuwa hawajafika, kesho huenda wakawa jimbo jingine, na baada ya wiki umbali wa maili elfu. Biashara ya nyama yao ilikwisha kisheria. Bunduki kubwa kuliko namba 10 zilizuiwa. Mwaka 1935, ukame ukiwa umekausha vinamasi, sanduku la kuzama, chambo cha nafaka na bata hai wa kurubuni vilipigwa marufuku, na bunduki ya Browning ikalazimishwa kuwekewa kizuizi ili isibebe risasi zaidi ya 3.

Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba ni ile safari ya mafundi ikitembezwa kinyumenyume. Kila walichomnyang'anya bata, sheria ilimrudishia kipande. Na wawindaji wenyewe ndio waliolipia: tangu 1934 kila mwindaji wa bata mwenye umri wa kutosha hununua stempu, ya kwanza ikiwa imechorwa na mchora vibonzo Jay Darling na kuuzwa kwa dola 1, na fedha zake hununua vinamasi. Tangu 1937 kodi maalumu juu ya bunduki na risasi huenda kwenye hifadhi. Huo ni uamuzi wa busara, na natamani ungeigwa.

Kilichobaki ni punje za Watts. Kila mfyatuo huangusha bata mmoja pengine, na mamia ya punje huzama kwenye tope. Bata hana meno; humeza changarawe, na firigisi lake husaga chakula kwa changarawe hizo. Punje ya risasi kwake ni changarawe nzuri ya mviringo. Inasagika, sumu inaingia kwenye damu, misuli inalegea, mabawa yanainama mgongoni kama paa la nyumba, na ndege anakufa kwa kukonda ndani ya wiki chache akiwa amejificha kwenye matete. George Bird Grinnell aliandika juu ya sumu hiyo mwaka 1894. Frank Bellrose wa Illinois mwaka 1959 alikadiria kwamba asilimia 2 hadi 3 ya ndege wa majini wa Amerika ya Kaskazini walikufa hivyo kila mwaka. Hao hakuna aliyewafyatulia.

Badala yake palikuwa na chuma laini. Wawindaji wengi walikikataa kwa hasira, na hoja yao haikuwa ya kijinga: chuma kina uzito wa gramu 7.8 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 11.3 za risasi, hupungukiwa kasi mapema, na waliogopa kingejeruhi bila kuua. Chama cha wamiliki wa bunduki kilikwenda mahakamani mwaka 1976. Wataalamu walijibu kwa kuongeza ukubwa wa punje namba mbili, kuongeza kasi, na kuzifunga kwenye kikombe kinene cha plastiki ili zisikwaruze mtutu. Lililogeuza mizani ni tai mwenye kichwa cheupe, nembo ya taifa, aliyekuwa akila bata wenye sumu na kufa naye. Kesi ya watetezi wake ilifungua njia ya marufuku ya nchi nzima, iliyokamilika 1991 kwa uwindaji wa ndege wa majini. Utafiti katika njia ya ndege ya Mississippi ulikadiria kwamba mwaka 1997 peke yake bata 1,400,000 waliokolewa.

Upande wetu wa dunia, mkataba wa ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia uliafikiwa The Hague mwaka 1995, na Tanzania, Kenya na Uganda zimo. Unazitaka nchi wanachama kuacha punje za risasi kwenye maeneo ya maji. Jambo hilo linatuhusu moja kwa moja: bata mkia-mrefu anayeonekana Naivasha mwezi Januari amepita vinamasi vya watu wengi akishuka kutoka kaskazini, na anachomeza njiani anakuja nacho. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia matumizi ya punje za risasi kwenye maeneo ya namna hiyo na mita 100 kuyazunguka tarehe 15 Februari 2023.

Mwenye bunduki ya zamani, yenye mitutu myembamba iliyofuliwa kwa kusokota tepe za chuma, hatakiwi kuitia punje za chuma, kwa kuwa ni ngumu na haziminyiki zikipita kwenye mbano wa mdomo, zinaweza kuuvimbisha. Kwa bunduki za namna hiyo kuna punje za bismuthi, gramu 9.7 hivi kwa sentimita ya ujazo, laini kiasi na zisizo na sumu kwa bata. Bei yake ni kubwa kuliko ya risasi na ya chuma pia, na wanaozinunua hufyatua mara chache.